Uliza Anko Santuri: Mbona tekno zote zinagonga du du du?

Haya jamani tumerudi. Mwezi uliopita nilijibu swali moja dogo tu la tekno, mistari kama mitano hivi, afu nikaendelea zangu na mambo ya kusafisha santuri, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, nyingine zina matusi kidogo lakini tumeshazoea, kwa hiyo safari hii ukurasa wote ni tekno na madijei wake. Na wale watatu mliouliza kuhusu chaji kuisha haraka, hiyo ni Tecno simu, siyo kitengo changu, nendeni kwa fundi.

*Shikamoo Anko. Mi nipo chuo Morogoro. Hosteli nakaa na jamaa ambaye mchana kutwa anasikiliza tekno, na kila ngoma ana jina lake, mara hii asidi, mara minimali, mara dabu, mara sijui ya viwandani. Mi nasikia du du du du tu. Kweli kuna tofauti au jamaa anajifanya mjuaji? – Du Du Du, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Jamaa yako inawezekana kabisa anajifanya mjuaji na tofauti ikawepo vilevile, hivyo viwili havigombani. Chukua mtu ambaye maisha yake yote hajala mchele, mpe pilau, mpe biriani, mpe wali wa nazi, atakwambia vyote ni wali tu, na wala hajakosea. Kwenye tekno ule mchele ni kiki, lile dundo la chini linalogonga mara nne kila mzunguko bila kuchoka. Juu ya hapo kila ukoo unapika kivyake.

Babu wa ukoo yupo Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari. Mwanzoni mwa miaka ya 80 vijana watatu weusi waliosoma pamoja Belleville, kamji kadogo nje ya Detroit, yaani Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walikuwa usiku wanatega redio kumsikiliza dijei mmoja anaitwa Electrifying Mojo, huyo mzee alikuwa hana mipaka, anakuwekea fanki ya kundi la Parliament afu hapohapo anakutupia Kraftwerk, kundi la Ujerumani la muziki wa mashine, vijana wakachanganyikiwa vizuri. Atkins akatoa ngoma ya kwanza na kundi la Cybotron mwaka 1981, mwaka 1985 akaanzisha lebo yake, Metroplex. Sasa sikiliza hii maana inagusa swali lako. Jina lenyewe la tekno lilikuja kukaa vizuri mwaka 1988, pale ilipotoka Uingereza albamu ya kukusanya ngoma za Detroit, na mwanzoni waliotoa walitaka kuiuza kama hausi ya Detroit, si unajua hausi, muziki wa klabu wa Chicago, ndo ilikuwa inauza wakati ule, mpaka Atkins alipoleta ngoma yake yenye neno tekno ndo jina la albamu likageuzwa. Kwa hiyo majina yanakuja muziki ukiwa umeshatembea miaka. Anayekusomea majina kama vile yalishuka na mvua mwambie apunguze spidi.

Lakini ukitaka kumnyamazisha kabisa, jifunze haya.

Asidi utaijua ndani ya sekunde kumi. Kuna kimashine cha Roland kinaitwa TB-303, kilitengenezwa kumsaidia mtu wa gitaa anayefanya mazoezi peke yake apate wa kumpigia besi, kikafeli vibaya mno, mwaka 1984 wakaacha kukitengeneza kikawa kinauzwa bei ya kutupa. Vijana wa Chicago wanaitwa Phuture wakakipata, wakaanza kuzungusha vitufe vyake huku ngoma inaendelea, kitu ambacho hata waliokitengeneza hawakukiwaza, kikaanza kulia kama paka aliyebanwa na mlango. Ule mlio wa kujinyonganyonga ndo asidi. Mwaka 1987 ngoma yao ikatoka kwenye santuri, ilikuwa hausi bado, tekno ikaja kuuchukua mlio baadaye, na mpaka leo ukiusikia popote unajua ni mtoto wa kile kimashine. Nitairudia hii stori huko chini kwa dada wa Ujerumani, inamhusu zaidi yeye.

Minimali nayo utamkuta mtu wa Detroit tena, Robert Hood, mwaka 1994. Alitoa nyama yote akabakiza mfupa. Kiki, haihati (kale kamlio ka tsi tsi ka matoazi), kasauti kamoja ka kinanda kanakojirudia, basi. Ukiisikiliza ukiwa unasubiri kitu kitokee utalala, hapo unatakiwa ukae na ule mfupa mpaka klapu ndogo (mlio kama wa kofi) ikiingia baada ya dakika mbili unashtuka kama mgeni amepiga hodi.

Dabu tekno ni Berlin. Moritz von Oswald na Mark Ernestus, jina lao la kazi Basic Channel, mwaka 1993. Walichukua ule mwangwi wa dabu, rege ya mafundi wa studio wa Jamaika, wakaupeleka kwenye baridi. Mguso mmoja wa kinanda unapigwa unapotelea mbali, unarudi umechakaa, unapotea tena, chini yake kiki imefunikwa kama imevaa soksi. Mi hii ndo yangu, nakiri mapema ili msije mkasema nina upendeleo. Weka usiku mvua inanyesha kwenye bati utanielewa.

Ya viwandani ni Birmingham, Uingereza, watu kama Surgeon na Regis, sauti zimekwaruzwa makusudi. Tekno ngumu ya siku hizi inaenda mapigo 145, 150 na kitu kwa dakika, na ukiendelea kupanda unafika kwa gaba ya Rotterdam, Uholanzi, hao kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 90 wanapiga 160 mpaka 200. Transi ni yenye melodia ya kulia na kusimama katikati ili watu wainue mikono, hiyo ni binamu tu, sitaingia huko leo.

Uangalie hapo kwamba spidi peke yake haikwambii ukoo. Ngoma ya 130 inaweza kuwa ya Detroit, ya asidi, ya dabu, yoyote tu. Jiulize besi inaimba au inagonga, sauti zina mwangwi au kavu, na inachukua muda gani kitu kimoja kubadilika. Fanya hivyo wiki mbili na hedifoni nzuri, siyo spika ya simu, spika ya simu kiki yenyewe haina uwezo wa kuitoa ndo maana unasikia du du du tu.

*Mambo Anko. Hivi singeli ni tekno ya Bongo? Nimeona video wazungu wanaruka balaa, aliyeiposti kaandika tekno ya Afrika. – Mtoto wa Uswazi, Dar*

Poa. Hapana, na aliyeandika hivyo amempa mtoto wa watu jina la jirani. Singeli ina wazazi wake, mchiriku upo, taarabu ipo, vigodoro vipo, vijana wa uswahilini Dar walikata vipande wakavipandisha spidi mpaka vikatoa moshi, 200, 250, wengine 300 kwa dakika, na juu yake emsii anamwaga maneno. Detroit hakuna aliyepiga simu. Ilivyofika Ulaya ni kwamba mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, Mburahati, watu wa huko wakashikwa na bumbuwazi, kina Sisso, Jay Mitta, Bamba Pana wakaanza kuitwa kwenye matamasha.

Kinachofanana ni kimoja, na mi nakipenda sana: kule Chicago kimashine kilichofeli, huku laptopu iliyochoka na programu za kawaida kabisa, pande zote mtu kakifanyisha kifaa kazi ambayo mwenye kifaa hakuitarajia. Na ndo maana madijei wa Ulaya wanaopiga gaba wameipokea haraka, ngoma ya 200 ya Rotterdam na ya 200 ya Dar zinakaa pamoja bila shida. Ila sikiliza tofauti, tekno inaacha nafasi tupu ndani ya nyimbo, singeli haiachi hata pa kupumulia.

*Habari za kazi kaka. Mimi ni nesi, huu mwaka wa tatu nipo Ujerumani. Wenzangu wa wodini walinipeleka klabu Berlin, dijei akapiga masaa manne hakuna hata wimbo mmoja wenye mtu anaimba, hakusema neno, hakuinua mkono. Wenzangu wanasema alikuwa hatari. Mi nimezoea dijei anayeongea, anayesema wapi kelele. Sasa nitamjuaje dijei mzuri wakati sijui hata nyimbo? – Dada wa Zamu ya Usiku*

Salama dada, pole na kazi. Swali lako ndo zuri kuliko yote kwenye bahasha.

Kwanza ujue uko wapi. Ukuta wa Berlin ulivyodondoka Novemba 1989 upande wa Mashariki ulijaa majengo matupu ambayo mwenyewe hajulikani, vijana wakaingia na spika. Tresor ilifunguliwa 1991 chini kabisa ya jengo la zamani la duka kubwa la Wertheim, kwenye chumba cha kuhifadhia fedha, visanduku vya chuma vilikuwa bado vipo ukutani, na waliowaleta kupiga ndo haohao weusi wa Detroit ambao kwao hakuna aliyekuwa anahangaika nao sana. Chumba kama kile, giza, moshi, dari fupi, dijei humuoni. Kwa hiyo utamaduni ukakua wa mtu ambaye haonekani na haongei. Siyo kwamba anaringa. Mwaka 2024 Wajerumani wameiingiza tekno ya Berlin kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa nchi yao, kwa hiyo dada ukienda tena waambie wenzako unaenda makumbusho.

Dijei wa kwetu anayeongea siyo mbovu, ile ni kazi nyingine, nusu dijei nusu mshereheshaji, na mshereheshaji mbovu anaua harusi hata kama nyimbo ni tamu. Wa Berlin kanyang'anywa mdomo, kwa hiyo kila anachotaka kukwambia akupitishie kwenye ngoma.

Sasa unamjuaje. Umewahi kuona watu wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja? Michi inapishana, huu unapanda huu unashuka, hakuna anayehesabu na haigongani. Dijei ana santuri mbili zinazozunguka, moja unaisikia wewe, nyingine anaisikia yeye kwenye hedifoni, anatakiwa azifanye zitwange pamoja. Zikipishana hata nusu pigo tu kwa dakika, moja 130 nyingine 130 na nusu, kila zikienda michi inaachana zaidi, dakika moja ikiisha zimeachana nusu pigo zima, unasikia vurugu kama masufuria yameanguka. Hiyo mtu yeyote anaisikia, hata asiyejua wimbo.

Ya pili ni besi. Besi mbili hazikai chumba kimoja. Dijei mzuri anapoingiza ngoma mpya anaificha besi yake kwanza, anakuachia haihati tu zikuzoee, afu pale panapostahili anaitoa besi ya zamani na kuingiza mpya kwa mkupuo mmoja, ukumbi mzima unajisikia kama lifti imeshuka kidogo. Na pale panapostahili siyo popote, hizi ngoma zimejengwa kwa mafungu ya mapigo 32, kwa spidi ya 130 fungu moja ni kama sekunde 15, ukichanganya katikati ya fungu ni sawa na kumkatisha mzee akiwa anaongea.

Lakini dada hayo yote ni ufundi wa mikono, na mikono inafundishika ndani ya mwaka mmoja. Nimekutana na madijei wana mikono safi kabisa na wanachosha kama hotuba. Kinachobaki ni kujua sasa hivi hawa watu wanahitaji nini, na kuwa na ngoma ya kuwapa, maana unaweza ukajua na mkoba ukawa mtupu. Masaa manne aliyopiga yule jamaa, kama alikuwa mzuri kweli, spidi haikuwa moja, kuna sehemu alikubana, kuna sehemu alikuachia ukanywe maji bila wewe kujua kwamba amekuachia yeye.

Na wazuri hawafanani. Jeff Mills wa Detroit anatumia deki (mashine za kuchezea santuri) tatu, nne, na mashine ya milio ya ngoma, Roland 909, pembeni anaipiga palepale kwa vidole, ngoma moja anaweza kukupa dakika moja tu anaitoa. Wapo wengine wanaiacha ngoma ya dabu iende mpaka mwisho, dakika tisa, hawagusi kitu, na kutogusa nako ni kazi dada, mikono inawasha.

Afu kuna ile stori ya asidi niliyoahidi. Phuture walipomaliza ile ngoma ya kimashine walimpelekea kanda Ron Hardy, dijei wa klabu ya Music Box, Chicago. DJ Pierre, mmoja wa Phuture, amelisimulia hili mara nyingi. Hardy akaiweka, watu wakatoka uwanjani. Akasubiri, akaiweka tena. Akaiweka ya tatu. Ya nne watu wakapagawa, hakuna aliyekaa. Sasa unaniuliza, si umesema dijei awasikilize watu? Ndio, na Hardy aliwasikiliza, alisikia wameogopa, hawakuwa wamechoka. Kuogopa na kuchoka vyote vinamtoa mtu uwanjani, na anayeweza kuvitofautisha akiwa gizani nyuma ya mashine huyo ndo namwita dijei. Pia tusidanganyane, Hardy pale alikuwa kwake, kila wiki anapiga, watu wanamwamini. Ungefanya wewe siku ya kwanza ungerudishwa nyumbani na teksi.

Ukienda tena usimwangalie mikono. Angalia miguu ya watu waliosimama karibu na kaunta ya vinywaji, wale ambao hawakuja kucheza. Ikianza kutikisika wenyewe wakiwa wanaongea, yule dijei anajua.

*Kaka, kitufe cha sinki ni wizi? Na ninunue kontrola au mashine za santuri? – Mwanafunzi wa Deki, Arusha*

Sinki (siyo la kuoshea vyombo, ni kile kitufe kinacholinganisha spidi zenyewe) siyo wizi. Ni kama kikokotoo, bora kwanza ujue kujumlisha. Anza na kontrola (kile kibao chenye vitufe vya kuendeshea ngoma zilizomo kwenye laptopu) ya mtumba na laptopu, miezi mitatu ya kwanza ziba kioo kwa karatasi ili usione namba, tumia masikio. Technics SL-1200 ni mashine tamu, ile ya MK2 ilitoka 1979, mwaka 2010 waliacha kuzitengeneza, 2016 wakarudi baada ya watu kulia, ila usiuze pikipiki kwa ajili yake. Pichi yake, yaani kile cha kubadilishia spidi, inaenda asilimia 8 juu na chini, maana yake ngoma ya 130 unaweza kuishusha mpaka kama 120 au kuipandisha mpaka 140, inatosha kabisa kazi zote za mjini. Na taa nyekundu za miksa (mashine ya kuchanganyia sauti) siyo mapambo. Zikiwaka umeshaharibu sauti, punguza.

*Niaje Anko. Mimi niko Nairobi, nilipata nafasi ya kwanza kucheza mahali, wakanipa saa tatu usiku nifungue. Nikacheza tekno ngumu 150 safi kabisa, mixing iko sawa, lakini watu wakatoka nje wote kuvuta sigara. Mwenye klabu akanitoa baada ya dakika arobaini. Watu hawajui muziki ama? – Niko Down, Nairobi*

Pole sana mdogo wangu, na karibu kwenye chama, maana mi ni mwanachama wa zamani. Na mi nilipewa saa tatu usiku, miaka hiyo, Dar, pahala ambapo sitapataja, nimevaa shati jipya, santuri nimeazima, nikasema leo watanijua. Nikaanza na ngoma kali kuliko zote nilizokuwa nazo. Watu walikuwa kumi na moja, nakumbuka kwa sababu niliwahesabu, wanne wanakula chipsi. Ile kiki ya kwanza mama mmoja kikombe kikamponyoka. Ilipofika saa nne na robo nilikuwa sina ngoma nyingine ya kupanda nayo, yaani nimeshafika juu ya mnazi na nazi zimeisha, na aliyekuwa anapiga baada yangu akaja akanong'ona sikioni, kwa upole kabisa, "sasa mi nianzie wapi?" Hilo swali sijalisahau.

Watu wako wanaujua muziki, ila walikuwa ndo kwanza wanavua makoti. Anayefungua kazi yake ni kuwaandalia wengine, na ni kazi ngumu kuliko kupiga saa nane usiku, saa nane hata jokofu likinguruma watu wanacheza. Safari ijayo wahi, zunguka ukumbini uone watu wanaongea kwa sauti gani, usiwazidi sana. Anza 115, 118, dabu, hausi ya Chicago ya polepole, kitu kina nafasi ndani. Panda pigo moja moja kila baada ya ngoma mbili tatu. Muulize anayekufuata ataanza na spidi gani umkabidhi ukiwa chini yake kidogo. Mtu wa kwanza akiingia uwanjani usimshangilie kwa kupandisha, muache, atamwita mwenzake.

Afu mwandikie yule mwenye klabu ujumbe mfupi wa kistaarabu, umuombe saa tatu hiyohiyo siku ya katikati ya wiki. Zile za 150 ziache kwenye flashi, usizifute, zina siku yake.